Harusi ya Mwisho Kabisa

Shangazi mmoja aliyekaa dirishani kwenye treni alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mpiga picha za harusi alikuwa anamlalamikia jirani yake, fundi wa kompyuta wa hospitali: diski ya akiba imejaa, na mdogo wake yuko studio sasa hivi anafuta harusi za zamani, ilhali wenyewe bado wanakuja kuziomba.

"Bibi harusi akibadilisha picha moja, albamu unaifanyaje?" fundi akauliza.

"Naihifadhi yote upya. Harusi ya Mwisho. Harusi ya Mwisho Kabisa. Harusi ya Mwisho Kweli."

"Dada yangu, mtu mmoja umemwozesha mara ngapi?" Fundi akajiweka sawa kitini. "Kwangu mimi, kinachofanana kinawekwa mara moja tu, kwingine inabaki alama ya kuonyesha kilipo. Hospitali nzima, wagonjwa wa miaka yote, wameenea kwenye mashine isiyozidi begi hili. Nimeipanga kwa mikono yangu, na sijafuta hata mtu mmoja."

Shangazi akavimba kichwa, utadhani yeye ndiye aliyemzaa fundi.

"Na hiyo moja ikiharibika?" mpiga picha akauliza.

"Pacha wake analala jengo jingine."

"Pacha tena? Si umerudi kule kule kwangu."

"Wawili si ukoo mzima, dada."

Treni ikasimama. Mpiga picha akashuka huku bado anabisha, simu sikioni. "Mdogo wangu, acha kufuta kwanza. Umefika harusi ya nani?"