Zedekia Syahuka na Wembe Nilioukataa

Leo, tarehe 30 Juni 1977, Mzee Zedekia Syahuka, kinyozi wa kiti cha kwanza katika kambi ya polisi ya Kasese, anastaafu baada ya miaka kumi na saba ya kazi. Mimi Maate, kinyozi wa kiti cha pili, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake. Aliyeniomba hakujua ananipa adhabu.

Zedekia alikuja kutoka Bugoye mwaka 1960 bila cheti chochote. Mimi ninacho, cha Kampala, na nimekitundika ukutani mahali ambapo kila mteja anakiona. Wateja walikisoma vizuri sana huku wakisubiri zamu yao kwa Zedekia. Wengine walikaa kwenye kiti changu kumsubiri yeye.

Mwaka 1966 kituo cha Bwera kilituletea sanduku la vitu vilivyoachwa na wasafiri waliovuka kutoka Kongo. Ndani yake mlikuwa na kitu cheusi chenye kutu, mpini umeliwa na wadudu. Kwa kuwa mwenye cheti ni mimi, niliitwa kukitambua. Nikaandika kwenye daftari la stoo: "Kisu cha kukunja. Kimeoza. Kitupwe." Nikatia sahihi, tena kwa mbwembwe.

Zedekia alikiokota jalalani. Aliona mambo ambayo mimi nilipaswa kuyaona: mgongo mnene, mashavu ya chuma yaliyobonyea kwa ndani, na kimkia kilichopinda nyuma, pa kuwekea kidole. Kisu hakina kimkia hicho. Ulikuwa wembe wa kinyozi, wa zamani kuliko sisi sote kambini.

Aliulaza kwenye mafuta ya taa siku tisa. Mimi ningeuparua kwa msasa na kumaliza kazi kabla ya chai. Yeye aliusugua kwa kitambaa na majivu, kidogo kidogo, mpaka shingoni zikatokea herufi: Solingen, mji wa Ujerumani wanakotengeneza nyembe za maana. Msasa wangu ungezifuta. Mpini mpya aliuchonga kwa pembe ya ng'ombe wa Ankole, na makali akayarudisha kwa jiwe laini na maji, kisha kwa ngozi ya mkanda mkuukuu wa polisi. Kazi hiyo ilimchukua wiki sita, na wiki zote sita nilikuwa nikiomba auvunje.

Halafu ikaja miaka hii ambayo nyembe za dukani ni za kutafuta kwa tochi. Za kwangu ziliisha. Wembe wa Zedekia ukaendelea, na watu wakawa wanatoka Hima, hata Mweya, kuja kunyolewa. Nilikuwa nikifagia nywele zao.

Mwezi uliopita nilimwandikia Afande Drani, mkuu wa kambi, kwamba wembe ule ni mali ya kambi na Zedekia asiondoke nao. Niliandika "ubaki kambini". Nilimaanisha ubaki kwangu. Afande akaagiza daftari la stoo la mwaka ule.

"Maate, hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu, afande."

"Wewe ulisema hii kitu ni takataka. Sasa imekuwa mali ya serikali? Toka hapa."

Nikatoka.

Ili wasifu huu usiwe wa sifa tupu, niseme kwamba Zedekia huimba nyimbo za kanisa akinyoa, na haimbi vizuri.

Juzi asubuhi, akifungasha vitu vyake, alinitazama shavuni, mahali nilipojikata mwenyewe.

"Kaa hapo," akasema. "Mimi nanyoa wewe."

Kwa miaka yote hii sikuwahi kukubali. Safari hii nikakaa. Chuma sikukihisi kabisa. Alipomaliza nilichukua kioo, nikatafuta unywele mmoja uliobaki, mmoja tu ungenitosha. Sikuupata. Nilijipapasa kidevu njia nzima nikienda nyumbani, na mke wangu Vasta akaniuliza nani kaninyoa.

Wembe unakwenda Bugoye na mwenyewe, na ni haki yake. Mzee Zedekia, kambi nzima inakushukuru. Upumzike vizuri, wajukuu wakuzunguke, na afya isikupungukie. Mimi bado nakuonea wivu, sitakuficha. Kesho kiti cha kwanza kitakuwa changu, kama nilivyotaka siku zote, na sasa najua wateja wamezoea nini.