Kiti Ambacho Shangazi Hakukikalia

Leo ni tarehe kumi na mbili, mwezi wa tisa. Nimetimiza miaka miwili na miezi minne tangu niondoke karakanani kuja huku kambini, ambako kazi yangu ni kusimamisha mahema ya wajenzi wa barabara na kuyaziba yanapochanika. Tarehe thelathini mwezi huu, Shangazi, kama sote tunavyomwita fundi wetu wa mashine kubwa, atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kushona maturubai. Mpiga pete, yule mama anayegongea pete za shaba kwenye mapindo, ndiye kiongozi wa kamati ya sherehe. Amenipigia simu akitaka niandike wasifu wa kusomwa siku hiyo. "Wewe ndiye uliyekuwa mvutaji wake," akasema, "halafu uko mbali, hakuna wa kukufanya kitu." Sababu ya pili ndiyo iliyonishawishi.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: turubai la lori halishonwi kama gauni. Ni zito kama mtu aliyelala fofofo. Fundi huketi mbele ya mashine akalielekeza chini ya sindano, na mvutaji husimama nyuma akalivuta linapotoka. Mvutaji akiwahi, sindano inavunjika. Akichelewa, mshono unajikunja. Lazima wawili hao wapumue pamoja. Shangazi alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino cha kushoto, nami navuta kwa kufuata kisigino hicho, na tuliendelea hivyo miaka mingi. Mpaka leo nikivuta kamba ya hema huku, kile kisigino bado kinanigongea kichwani.

Aliingia karakanani akiwa mfagiaji wa vipande vya nyuzi. Fundi wa mashine kubwa wa wakati ule aliondoka kwa hasira asubuhi moja, turubai likiwa bado chini ya sindano, na kabla wakubwa hawajamaliza kuulizana nani aitwe, mfagiaji alikuwa ameshaketi, anashona. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumwinua. Tangu hapo ameshona vifuniko vya malori, vivuli vya maduka, mahema ya hospitali na hema moja la sarakasi ambalo hadi leo analizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mtoto wake aliyefaulu. Wengi mlioketi hapo mmefundishwa naye, na aliwafundisha kwa kuwatukana.

Msitegemee niseme alikuwa mpole. Hakuwa. Wala hakuwa mnyenyekevu. Akimaliza turubai alilizunguka akilisifu kwa sauti, na ukinyamaza anakuuliza kama umepofuka. Kwenye drafti aliiba kete mchana kweupe, kisha akakushangaa wewe. Nayasema haya kwa sababu najua desturi ya siku kama hii: mtu akizeeka, watu humfanya malaika ili wasimwogope tena. Shangazi aogopwe mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye kiti.

Karakana yetu ina desturi nzuri. Kila anayestaafu hushonewa na wenzake kiti cha kukunja cha turubai, na jina lake hutariziwa mgongoni. Hukabidhiwa siku ya mwisho, akaondoka nacho. Msimamizi wetu, ambaye sote tunamwita Kipenga kwa sababu ya kile kipenga anachokivaa shingoni kama hirizi, alipoletwa miaka sita iliyopita alizunguka karakana siku moja tu, akawa amewajua watu wote. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na tisa. Wiki iliyofuata tulikuta kiti chake kimeshashonwa na kuwekwa barazani, kando ya masanduku ya pete, SHANGAZI mgongoni kwa uzi mwekundu. Kiti kilikuwa kimemtangulia mwenyewe kwa miaka sita.

"Bibi," Kipenga akamwambia mbele yetu, "umetumika vya kutosha. Njoo ukae hapa utuchambulie pete. Mashine tuwaachie vijana."

"Bibi yako yuko kwenu," Shangazi akajibu. "Mimi hapa ni fundi."

"Ni kwa faida yako."

"Faida yangu naijua. Hiki kiti kimeshonwa vibaya. Nani kashona?"

Lakini msimamizi ni msimamizi. Kesho yake mashine kubwa alikuwa nayo Umeme, jamaa tuliyempa jina hilo kwa kasi ya mikono yake, na Shangazi akatumwa barazani. Aliniambia waziwazi anachokitaka, nami nakiandika hapa maana ndicho chote alichowahi kukiomba kwa karakana hii: atoke kazini siku yake ikifika, akiinukia kwenye mashine yake. Asitolewe kidogokidogo kama mwiba.

Akachambua pete akiwa amesimama. Kiti alikitundikia mfuko wa chakula. Alikiwekea birika. Akapanda juu yake kubadilisha balbu. Paka wa karakana akazalia hapohapo, na Shangazi akawafukuza wote waliotaka kumhamisha paka. Kukikalia, hapana. "Nikikikalia," alisema, "nitakuwa nimetia sahihi kwa makalio."

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna kamusi mbili. Kijana akisahau mkasi, ana mambo mengi. Mzee akisahau mkasi, akili imechoka. Kijana akisema hapana, ana msimamo. Mzee akisema hapana, ni mkaidi. Kipenga anavaa miwani na Shangazi anavaa miwani. Ya Kipenga inaitwa usomi, ya Shangazi inaitwa uzee. Na mwaka huohuo, Shangazi alipoambiwa na binti yake, "Mama, tulia sasa," alitafuta baiskeli akaanza kujifunza kuiendesha uani kwetu wakati wa chakula. Alianguka, akachubuka goti. Ungesikia watu: "Si tulisema!" Umeme alipoanguka na baiskeli hiyohiyo, akachubuka zaidi, walicheka wakampa maji. Baada ya muda si mrefu Shangazi alikuwa anakuja nayo kazini, kengele inalia tangu njia panda, na Kipenga anapuliza kipenga chake akidhani ni mteja.

Likaja hema la mviringo. Ukuta wa hema la namna hiyo ni kama sketi ya jitu: kitambaa kirefu kinachozunguka, kikaunganishwa mwisho kwa mwisho. Uani kulikuwa na mvua, kwa hiyo Kipenga akaamuru kazi ifanyikie ndani. Kitambaa kikatandazwa ukumbi mzima. Katikati ya ukumbi, kama mnavyoiona hapo mlipo, kuna nguzo inayoshikilia paa. Imesimama hapo tangu jengo lilipojengwa, haijawahi kujificha. Umeme alishona siku tatu kama anayefukuzwa, Kipenga akihimiza kwa filimbi, na asubuhi ya nne akafunga mshono wa mwisho, nyuzi mbili, mistari miwili. Kipenga akapuliza. Tukashika, tukavuta kuelekea mlangoni. Kitambaa kikaja, kikaja, kikagoma.

Tulikuwa tumeivalisha nguzo sketi.

Mteja alikuwa anakuja na lori jioni ileile. Mmoja akasema tukate kitambaa kwa mkasi, akakumbushwa kwamba mteja alikataa viraka kwa maandishi. Mwingine akasema tukate nguzo. Msicheke: Kipenga alitazama juu kwenye paa, akawa kama anakadiria. Iliyobaki ilikuwa kufumua mshono ule wa mwisho wote na kuushona upya kabla ya jioni, na Umeme alikuwa amekatika. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba kama andazi, hawezi kushika hata kikombe. Mwenye mikono ya kasi alikuwa ameimaliza mikono.

Shangazi aliingia kutoka barazani kuona kwa nini kelele zimekoma. Alitazama nguzo. Alitazama sketi. Akacheka mpaka akaishika nguzo yenyewe asianguke.

"Imependeza," akasema. "Tuitafutie na blauzi."

"Bibi, si wakati wa utani," Kipenga akasema.

"Kweli, si wakati. Ni saa nne, na mteja wako anakuja saa kumi na moja." Akavua miwani, akaifuta. "Nitaushona. Lakini leo narudi kwenye mashine yangu, na siinuki mpaka tarehe yangu."

"Hilo tutalizungumza kesho."

"Kesho mteja wako atakuwa ameshaenda kwa wengine. Zungumza sasa."

Kipenga akatazama mlango. Akatutazama sisi, nasi tukatazama sakafu. "Haya," akasema.

"Haya nini?"

"Haya, Shangazi."

"Haya, fundi," akamsahihisha.

"Haya, fundi."

Mshono tuliufumua sisi wengine, Kipenga akiwa miongoni mwetu, amepiga magoti na wembe mkononi. Ulipofunguka, tukakizungusha kitambaa nje ya nguzo, Shangazi akaketi, akarekebisha sindano, kisigino kikaanza. Hakuwa na haraka. Alishona kwa mwendo uleule niliouzoea, na mwendo ule ukiutazama unasema huyu hafiki. Kumbe kinachofika ni kutosimama. Mimi mvutaji, mdogo wake kwa miaka mingi, niliomba maji mara mbili. Mara ya tatu nikaona aibu.

"Mvutaji!" akaniita bila kugeuka. "Umekufa au unasali?"

"Nipo, Shangazi."

"Basi vuta kama upo."

Lori lilipopiga honi getini alikuwa anakata uzi. Alilizunguka hema, akalisifu kwa sauti, akamuuliza Kipenga kama amepofuka. Kipenga akasema ni zuri. Ni mara moja tu nimemsikia akisema neno hilo bila kupuliza kwanza.

Msidhani alijifunza. Mwezi uliofuata aliwaambia wakubwa kwamba amebuni mpango wa kutumia hazina ya wazee. Hazina! Hazina ilikuwa barazani inalala na paka, mbuni wa mpango ndiye aliyeitupa huko. Lakini Shangazi alirudi kwenye mashine, na tangu siku hiyo hadi nilipoondoka, na hadi leo ninavyoambiwa, hajainuka. Ameshona paa la jukwaa la uwanja wa mpira. Amewatoa mama wawili kwenye kupiga pete akawafundisha mashine, mmoja akiwa na wajukuu tayari, na huyo ndiye anayeshona mapindo nadhifu kuliko wote, nikimwondoa Shangazi, maana atausikia wasifu huu.

Kiti nacho kilipata mwenyewe. Mwaka jana, mpiga pete ananiambia, Kipenga aliinama kuokota kipenga kilichoanguka, hakuinuka. Mgongo. Mtu wa miaka arobaini na moja! Wakambeba mpaka barazani, na hapo kilikuwepo kiti kimoja tu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemfukuza paka.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Umetumika vya kutosha."

Kesho yake alikichukua kile kiti wakati wa chakula, akafumua uzi mwekundu herufi kwa herufi, akatarizi KIPENGA kwa uzi wa bluu. Kamati imenihakikishia kwamba siku ya sherehe atakuwa amekikalia, mstari wa mbele. Bwana msimamizi, nakusalimu. Nasikia unakaa vizuri.

Kwa hiyo kamati, nawaomba: msimshonee Shangazi kiti kingine. Atakitundikia mfuko. Amekodi chumba kando ya duka la vifaa vya ujenzi, amenunua mashine ya mtumba yenye shingo ndefu, na tarehe mosi, siku moja tu baada ya sherehe yenu, anaanza kushona vifuniko vya malori kwa jina lake. Barua ya kustaafu aliyoandikiwa na Kipenga inasema anakwenda kupumzika. Barua hiyo naambiwa ameitumia kufungia sindano. Mshoneeni kivuli cha mlangoni, kipana, chenye mistari, ili wateja wasinyeshewe wakipanga foleni. Na mpindo wake uwe wa mara mbili, maana ataukagua hapohapo mbele ya wageni.

Shangazi, wenzako wote hapo na mimi huku tunakushukuru kwa mishono na kwa matusi. Uende na afya, uende na mikono yako, na kisigino chako kisikose sakafu ya kukigonga. Ukichoka, choka kwa sababu umefanya kazi, wala isiwe kwa sababu mtu amekutolea kiti.

Nami nina neno moja, kisha ninyamaze. Huku kambini wameanza kuniita mzee. Juzi msimamizi wa hapa aliniletea kigoda, akakiweka kwenye mlango wa hema kubwa, akaniambia nikae niwe naangalia kamba. Nimekiwekea ndoo ya maji. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi wa pili. Shangazi ameniambia kwa simu kwamba nafasi ya nyuma ya mashine yake mpya ataiacha wazi mpaka tarehe saba mwezi wa tatu, na ikipita hapo atatafuta mvutaji mwingine, kwa kuwa hana muda wa kuwasubiri wazee wanaojikokota.

Nitafika tarehe tano, na kiti sihitaji.