Mfereji Ambao Mpimaji Hakuuona

Wasikilizaji wapendwa wa bonde la Mto Cenizo, punguzeni moto jikoni, vuteni viti. Maharagwe yatangoja. Leo tunamkumbuka Delfina Archibeque wa Placita Honda, aliyekuwa msimamizi wa mfereji wetu kwa miaka ishirini na sita. Delfina Archibeque alifariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Kama uliwahi kuchelewa na koleo lako siku ya kusafisha mfereji, basi Delfina alikutukana. Alikutukana vizuri, kwa kituo, akianzia kwa nyanya yako na kushuka taratibu hadi kwenye viatu vyako. Wapo waliochelewa makusudi ili wasikie mwaka huu wataitwaje. Mnajijua.

Mfereji wenyewe mnaujua pia. Unatoka mtoni, kwenye genge la mawe, unashuka kilomita sita mpaka kwenye mashamba ya pilipili na matofaa. Ulichimbwa mwaka 1842. Shikeni mwaka huo, wasikilizaji. Ulichimbwa 1842, kwa majembe ya mbao.

Delfina alizaliwa akaikuta hadithi ya wapimaji. Kiangazi cha mwaka 1916 walikuja wanaume wawili na punda wanne, na meza ya miguu mitatu yenye darubini juu yake. Walitumwa na serikali kuchora ramani ya bonde zima: vilima, nyumba, maji. Babu yake Delfina, mzee Crescencio, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mfereji siku hizo. Hakutaka maji yetu yaandikwe kwenye karatasi ya mtu. Akafunga lango la mfereji, akalifunika kwa matawi ya mierebi, na kwa siku mbili mbuzi wa kijiji kizima wakapitishwa ndani ya mfereji mkavu hadi ukafanana na njia ya mifugo. Kisha akachinja beberu, akawakaribisha wapimaji mezani.

Mpimaji, huku anafuta mchuzi wa pilipili kidevuni, akauliza pilipili hizi zinapata maji wapi. Crescencio akaonyesha kidole juu mbinguni, akasema, "Tunaomba."

Mpimaji akaandika.

Hadithi hii ilisimuliwa kila mwezi Machi, siku ya kusafisha, na hakuna aliyemfikia Delfina kwa kuisimulia. Aligeuza kofia nyuma mbele, akakodoa jicho moja kama mtu wa darubini. Akifika kwenye "Tunaomba", watu wazima walitupa makoleo na kukaa chini kwa kicheko. Miaka hamsini tulicheka mahali palepale.

Halafu ikaja kesi. Shamba kubwa la majani ya ng'ombe lililo juu yetu lilikwenda mahakamani kutaka maji ya Cenizo yapangwe kwa zamu. Sheria mnaifahamu: mfereji mkongwe hupata maji yake yote kwanza, anayefuata hupata yanayobaki. Mwaka wa ukame hayabaki. Shamba lile lina hati kwamba mfereji wao ulichimbwa 1921. Wetu ni wa 1842, lakini karatasi zetu ziliungua pamoja na chumba cha padri kabla Delfina hajazaliwa. Jaji alitaka ushahidi ulioandikwa. Pasipo ushahidi, Placita Honda ingekuwa nyuma ya shamba lile, na matofaa ya Delfina yangekauka.

Delfina akakumbuka kwamba serikali ilichora ramani. Akamwamuru mdogo wake, Fidencio, awashe gari, wakaenda mjini Albuquerque kwenye maktaba kubwa. Waliletewa ramani ya 1916, wakaitandaza mezani. Fidencio ananiambia ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mistari ya kahawia ya miinuko imezunguka kila kilima. Kanisa lipo, na msalaba wake. Nyumba yao ipo, kimraba cheusi. Hata uwanja wa kupuria ngano upo.

Mfereji haupo. Mahali pake kuna vinukta na maneno mawili, "korongo kavu".

"Dada," Fidencio akamwambia, "babu aliwaweza."

Delfina hakucheka. Alikuwa ameisimulia hadithi ile nusu karne, wala hakuwahi kufikiri kwamba mpimaji alirudi nyumbani na kuchora kweli. Ramani iliyofuata ilikuwa ya 1954, iliyotokana na picha zilizopigwa angani kutoka kwenye ndege. Ndege haidanganywi na mbuzi. Humo mfereji wetu umeonekana, mstari wa buluu, umenyooka. Kwa hiyo kwenye karatasi, mfereji wetu ulizaliwa 1954.

Siku ya mahakama Delfina alivaa koti jeusi la mazishi. Wakili wa shamba akamwonyesha ile ramani ya 1916 na kumwuliza mfereji uko wapi. Ikabidi asimulie. Alisimulia akimtazama jaji, bila kofia, bila kukodoa jicho. Lakini nyuma yake tulikaa sisi, safu mbili za Placita Honda, na mazoea yetu. Alipofika kwenye "Tunaomba", tukacheka. Nami nilikuwemo. Tulicheka mpaka karani akagonga meza.

Wakili alingoja tumalize. Kisha akasema kwa upole, "Mheshimiwa Jaji, wenyewe wanajua ni kichekesho." Akaketi. Jaji akamshukuru mama Archibeque, akamwambia inatosha, anaweza kushuka.

Hukumu ilitoka baada ya miezi minane. Mfereji wa Placita Honda ni wa 1954. Nyuma ya shamba lile. Kiangazi cha pili lango letu likafungwa kwa mnyororo, na miti mia moja na kumi ya matofaa ikafa imesimama.

Delfina aliendelea kuita watu kusafisha. Mfereji mkavu, wasikilizaji, na bado kila Machi aliitisha usafi. Mwaka wa kwanza baada ya hukumu nilichelewa saa nzima, na kusema kweli nilikuwa nimejiandaa. Delfina alinitazama, akanipa koleo. "Karibu, bwana," akasema. Basi. Tangu siku hiyo hakumtukana mtu tena.

Wiki iliyopita, hospitalini, Fidencio alimwomba dada yake asimulie tena ile hadithi ya wapimaji, wapitishe muda. Akasimulia. Lakini safari hii alianzia mbali, mwaka 1894, alipokuja mpimaji mwingine, kijana mwenye adabu. Baba yake Crescencio alitembea naye siku tatu, akambebea mnyororo wa kupimia, akamwonyesha kila chemchemi na kila mpaka wa malisho ya kijiji. Mwaka uliofuata malisho yote yalizungushiwa waya na watu wa nje waliofuata ramani yake. Hayakurudi.

"Kwa hiyo babu alipoiona ile meza ya miguu mitatu," Delfina akamwambia, "alikwenda nyuma ya zizi akatapika. Akanawa uso. Ndipo akaenda kuchagua beberu. Na alipoonyesha kidole juu, alikuwa anaomba kweli. Bibi alijua."

Fidencio anasema alikuwa anangoja pa kuchekea, hapakutokea. Akamwuliza, "Dada, mbona hukuyasema haya kwa jaji?"

"Nilikuwa sijafika hapo," Delfina akasema. "Mlicheka."

Tunampa pole Fidencio Archibeque, na jamaa wote wa Placita Honda. Mungu ampumzishe Delfina. Misa ni Ijumaa saa nne asubuhi, na supu italetwa na kila nyumba, hata zile nyumba ambazo supu yao Delfina aliisema vibaya.

Jumamosi tunasafisha mfereji, mkavu hivyo hivyo. Njoo na koleo. Njoo mapema, maana hakuna wa kukukaripia. Fidencio amekubali kuisimulia hadithi ya wapimaji, kuanzia 1894. Wasikilizaji wapendwa, nawaomba nyote, nami najiomba mwenyewe: tumwache amalize.