Maswali Yote Haya ya Nini?

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, basi mabishano yote yalilalia upande wa Bi Cherehani, fundi nguo wa jirani. Siku hiyo kijana waliyemwita Chipu alikaa katikati, kompyuta mapajani, kahawa inapoa. Ndiye aliyeunda programu ya kutengeneza kompaila, yaani mtambo unaogeuza maagizo yaliyoandikwa kwenye kompyuta kubwa yafanye kazi kule ndani ya kijichipu cha pampu. Kazi safi, lakini kabla ya kuanza inakuhoji kama polisi! Mafundi pampu wamemwambia wazi: asipopunguza maswali leo, wanahamia kwingine. Naye maskini anaogopa kufuta, asije akamharibia mtu kazi.

— Usifute hata moja, alisema Kinyozi. Kuuliza si ujinga.

— Inayouliza ni mashine, kaka! alisema Chipu.

— Basi mashine si mjinga.

— Inauliza chipu gani. Ukishaitaja, inauliza tena kama chipu hiyo inajua hesabu za desimali.

— Mpweke huyo, alidakia Bi Cherehani. Anatafuta wa kupiga naye soga.

— Mpweke wapi! alipinga Kinyozi. Mtego wa wauza kompyuta. Unajibu mpaka kompyuta inazeeka, unanunua nyingine.

— Na miwani, aliongeza Bi Cherehani.

— Enhe! Wauza miwani wamo!

Chipu alicheka, ila roho ilikuwa juu juu.

— Akiba haiozi, Kinyozi alihitimisha. Mimi nina chanuo la kuchania ndevu za mapacha kwa pamoja. Hawajaja. Je, wakija?

Dada mmoja, aliyeleta gauni la kupunguzwa, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani jamani. Kwa chipu ileile, kuna aliyewahi kujibu tofauti?

Bi Cherehani alimtazama Kinyozi, Kinyozi akautazama wembe. Chipu alianza kuwakumbuka wateja wake. Walikuwapo waliojibu tofauti, ndiyo. Wote walikuwa wamekosea, na ndio hao waliomjia wakilia kwamba pampu haziwaki.

Alifuta maswali yote, akabakiza la kwanza. Kila jibu aliliandika mapema chini ya jina la chipu yake, kisha akaiwasha programu upya. Iliuliza chipu gani tu. Akaitaja, ikaanza kazi.

— Haiulizi kingine? Kinyozi alishangaa.

— Haiulizi.

— Masikini, alisema Bi Cherehani. Sasa mpweke wetu atasema na nani?

Chipu alimeza kahawa yake, baridi hivyohivyo.

— Na pampu, shangazi.