Mama Shuka na Wimbo Uliopanda Kooni

Kwanza futeni yote mliyosikia. Habari ya Mama Shuka kila mtu katika hospitali hii anaisimulia, na kila mtu anaiharibu. Mpishi anaikoleza kupita kiasi. Walinzi wa getini wanaikata katikati kila gari likipiga honi. Wauguzi wapya wanaieleza kwa viapo, na wakati ule wao walikuwa bado wanang'oka meno ya utoto. Aliyekuwepo ni mimi, Babu Boila, ninayechemsha maji ya jengo hili zima, na bila mimi hata madaktari wangenuka. Ninasema kwa mdomo, karani wa jarida anaandika, kwa sababu mimi na kalamu hatujawahi kujuana.

Basi. Mama Shuka, mkuu wa madobi, anastaafu Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Aliingia kama kibarua wa kukunja foronya. Akapanda akawa mpiga pasi, kisha msimamizi wa mashine tatu, na ile ya kushoto ninayeiweza ni mimi peke yangu, hilo karani ataliandika hata asipopenda. Katika miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyelalia godoro tupu. Wiki ile maji yalipokatika mjini alifua kwa ndoo, mashuka mia na ushei kwa siku, na jioni mikono yake ilikuwa imekunjamana kama kitambaa alichosahau kukipiga pasi. Nilimtania hivyo. Akanirushia sabuni, na hakukosea shabaha.

Chumba chake cha kazi mnakijua, ila hamjawahi kukaa ndani yake. Kipo chini ya ardhi, ukuta mmoja na boila yangu. Dirisha lake liko juu karibu na dari, na kutoka humo huoni mtu, unaona miguu tu. Mama Shuka amemaliza miaka thelathini na moja akiangalia viatu vya watu wanaokwenda kwingine. Na katika kona liko Koo. Koo ni bomba la bati, pana kama pipa, linaloshuka kutoka ghorofa ya tatu mpaka kwake. Wauguzi wanafungua kijimlango kule juu, wanatupa mashuka machafu, yanaanguka kwenye kapu lake, pwaa.

Sasa, kuimba. Mama Shuka aliimba kila siku, kuanzia saa nne mashine zikishachangamka, na hakuimba ila nyimbo za kuachwa na kufiwa. Wimbo wa harusi haukupita mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya. Mmoja ulikuwa huu, sijui aliutoa wapi:

Umeondoka, mlango umeuacha wazi,
baridi inaingia, nimlaumu nani?
Nikiufunga nitakuwa nimekubali,
nikiuacha nitakufa kwa upepo.

Hapo maneno yalikuwa yanamwishia, kwa sababu hakuna wimbo hata mmoja alioujua wote. Basi alijazia kwa hesabu yake ya kazi, kwa sauti ileile ya kilio: “Shuka kumi na mbiliii, foronya saba, moja imechanikaaa.” Msicheke. Mimi nimewahi kusikia hiyo foronya iliyochanika ikakata moyo wangu vipande.

Mnasema aliimba hivyo kwa sababu aliachwa na mwanamume. Uongo wa kwanza huo. Mwanamume wa kumwacha Mama Shuka hajazaliwa. Mume wake ni fundi saa, mtu mpole, na kila mvua inapotishia anakuja kumsubiri getini na mwavuli, na saa yake haijawahi kumdanganya. Siku moja nilimuuliza mwenyewe, “Dada, una mume, una binti, una meno yote. Huo msiba unauimbia nini?”

Akanionyesha shuka alilokuwa anakunja. “Hili limelala na mtu, kaka. Limesikia alichosema usiku, kile ambacho asubuhi hakumwambia daktari. Sasa mimi nilifulie kwa wimbo wa kucheza? Nitakuwa sina adabu.”

Hiyo ndiyo elimu niliyoipata duniani. Nyingine sikupata.

Uongo wa pili ni huu, kwamba Metroni ndiye aliyempiga marufuku. Mnamwonea mama wa watu. Metroni, saa nne ikifika, alikuwa anasimama kando ya kijimlango cha Koo na faili mkononi, amelishika juu chini, anajifanya anasoma. Maana sauti ilikuwa inapanda. Mama Shuka hakujua. Yeye alidhani kelele za mashine zinaimeza sauti yake, kumbe Koo lilikuwa linaibeba nzima mpaka ghorofa ya tatu, na kule wagonjwa walikuwa wanamngoja kama wanavyongoja matokeo. Kila mmoja alikuwa anasikiliza peke yake. Hawakuangaliana. Ukipita wodini saa hiyo ungedhani kila kitanda kiko katika nyumba yake.

Aliyeharibu ni mdomo. Na mdomo wenyewe ni huu mnaousikiliza.

Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, saa ya chai, tumekaa juu ya makapu. Nikataka kumfurahisha. Nikasema, “Dada, una wapenzi ghorofa ya tatu.”

“Wapenzi gani, mzee usiye na haya?”

“Wanaokusikiliza. Sauti yako inapanda Kooni. Metroni mwenyewe jana amejifuta macho kwa faili.”

Akaweka kikombe chini. “Tangu lini?”

“Tangu uanze.”

“Na foronya iliyochanika, wameisikia?”

“Wanaijua kwa kichwa.”

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mgeni. Akasimama, akafunga kilemba chake upya, akarudi kwenye pasi. Na hakuimba. Kesho yake hakuimba. Nikasema moyoni, ataona aibu siku mbili, itampita. Zikapita siku ishirini na tatu.

Nyinyi hamjui kimya cha mahali penye mashine. Mashine zinanguruma, mvuke unapiga kelele, lakini katikati yake kuna shimo, na kila mtu analizunguka asitumbukie. Kule juu nako kijimlango kilifunguliwa saa nne, kikasubiriwa, kikafungwa taratibu. Na katika watu wote hao alikuwepo mmoja ambaye kwake haikuwa suala la kukosa burudani. Alikuwa mgonjwa wa ghorofa ya tatu, fundi seremala, mguu umefungwa plasta kutoka kwenye nyonga. Alikuwa amefiwa na mke wake majuzi tu, na hakuwa amelia. Alikuwa anakula nyakati za wimbo tu, anaufuata wimbo kwa kijiko. Wimbo ulipokatika, akaacha kula. Mpishi alikuwa analalamika koridoni, “Sahani inarudi kama ilivyokwenda. Huyu mtu anataka kumfuata mwenzake.”

Ofisi ikaleta redio. Ikawekwa wodini, ikapiga nyimbo za kuchangamsha, za kupunga mikono. Seremala akageukia ukutani. Mimi nilipanda kumwona, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na nikamuuliza kwa nini hata hiyo haitaki. Akanijibu jambo ambalo wasomi wote wa hospitali hii hawajawahi kulisema. “Wimbo wa furaha unanifukuza, babu. Unaniambia, toka hapo ulipo, njoo huku kwa wenzako. Nami miguu ya kutoka sina. Ule wa mama wa chini unakuja kukaa hapa nilipo. Hauniulizi nitapona lini.”

Nikashuka ngazi zote tatu bila kupumzika. Wauguzi walikuwa wamekwisha kumbembeleza Mama Shuka mpaka wamechoka. Mimi sikumbembeleza, nilimtania, ndiyo dawa yangu pekee. “Dada, kama ni mshahara wa uimbaji unaogomea, nitakugawia mkaa.”

Hakucheka. “Kaka, mimi kuwaimbia watu sijui. Nikijua wapo, naanza kupanga sauti. Naanza kutafuta maneno sahihi. Ule haukuwa wa watu. Ulikuwa wa mashuka.”

“Na koo likizibwa?”

“Langu?”

“La bati.”

“Likizibwa kabisa, labda.”

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na mnaweza kuiandika kwa wino mwekundu. Nilipanda tena kwa seremala. Nikamwambia nataka kifuniko cha Koo, cha kufungwa kila asubuhi mashuka yakishateremshwa. Akainuka kitandani kwa mara ya kwanza. Akaomba mlango wa kabati bovu, msumeno na patasi. Akafanya kazi siku mbili amekaa kwenye kiti, mguu ameuweka juu ya stuli, anapima, anafuta, anapima tena. Alipomaliza kilikuwa kifuniko kizuri kuliko milango ya nyumba zetu. Kimekaa sawasawa, pembeni kimezungushiwa blanketi kuukuu kisipige kelele. Na upande wa ndani, chini ya ubao wa kushikia, usipopaona hata ukiinama, alikuwa ametoboa matundu arobaini, membamba kama njiti ya kiberiti.

Mama Shuka hakuniamini kwa neno. Alipanda mwenyewe, ghorofa tatu, na aproni yake imelowa. Wodi nzima ikajifanya imelala, mchana mweupe, watu wanakoroma mpaka Metroni. Akagonga kifuniko kwa kidole. Akaweka sikio.

“Limeziba?” akamuuliza seremala.

“Mama, hata mende akitaka kupita hapo atatafuta kibali.”

Akalipapasa lile blanketi. Akamwangalia yule fundi, mikono yake imejaa vumbi la mbao. Akasema, “Kazi nzuri,” akashuka.

Siku hiyo kimya. Kesho yake, Alhamisi, saa nne na dakika chache, nikiwa natia mkaa, nikasikia ukutani mtu anakohoa kidogo, kama anayepisha kitu. Halafu, umeondoka, mlango umeuacha wazi. Nikaacha koleo lilivyo. Kule juu, matundu arobaini yalipitisha sauti nyembamba zaidi ya zamani, kama mtu anayeimba katika chumba cha pili akiwa amekupa mgongo. Wanasema hivyo ilikuwa bora. Wimbo ulipofika kwenye foronya iliyochanika, seremala akalia. Alilia vibaya, bila mpango, na hakuna aliyemshika bega, kwa sababu kila mtu alikuwa na kwake kwa kuangalia. Kisha akavuta sahani akala, na mpishi alikwenda kusimama jikoni peke yake.

Tangu hapo ikawa sheria, na haijaandikwa popote mpaka leo. Muuguzi mpya akifika ghorofa ya tatu anafundishwa kunawa mikono, kisha anafundishwa kwamba hapa hakuna wimbo wowote anaousikia. Hapigi makofi. Hashukuru. Akikutana na Mama Shuka kwenye ngazi anamwamkia, anamuulizia binti yake, anapita. Miaka kumi na moja watu wamemshukuru kwa kunyamaza. Wagonjwa wametoka hapa kwa miguu yao wakiwa na wimbo wasioweza kumtajia mwenyewe, na wengine hawakutoka, na wao pia uliwasindikiza.

Dada yangu, sasa umejua. Naona kama nakuona unaposomewa hili, unafunga kilemba upya. Ukinikasirikia ni haki yako, sabuni bado zipo. Lakini nisingekuacha uondoke ukidhani ulikuwa unaimba peke yako. Wiki ijayo atakaa hapo kijana mwenye vitu viwili vyeusi masikioni, kazi anaiweza, tabia anayo, na hatoi sauti yoyote. Mimi nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne ukutani hapa, na boila haijui kuimba, nimeijaribu.

Wafanyakazi wote, wa juu na wa chini, tunakushukuru kwa kila shuka lililokuja vitandani likiwa na joto. Nenda ukae na fundi saa wako, miguu yako ipumzike, macho yako yaone watu kuanzia kiunoni kwenda juu. Na ukiimba huko, imba na dirisha wazi, usijali anayepita.

Karani anataka kukunja karatasi. Ngoja kwanza, mwanangu, andika na hili.

Nimesema wengine wanaiharibu habari hii, na yote niliyosema ni kweli, ila mahali pamoja. Seremala alikuwepo, mguu ulikuwepo, kifuniko kipo mpaka sasa nendeni mkakitazame. Lakini yule bwana mke wake alikuwa mzima kama kengele, anamletea ndizi kila alasiri, na alikuwa anakula chake na cha jirani. Maneno yale ya wimbo wa furaha hayakuwa yake. Nilimpa yeye kwa sababu mdomoni mwangu mngeyacheka. Mke wangu alikuwa kitanda cha nne ghorofa ya tatu, karibu na Koo, mpaka alipofariki wiki ile kabla ya wimbo kukatika. Sahani iliyokuwa inarudi ilikuwa inatoka chumba cha boila.