Dada Yetu, Mwalimu wa Beseni

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mimi, mama na ndugu zangu tulikuwa tunakunja nguo safi za kumpelekea dada wodini, shemeji, mume wake, akatupigia simu. Alisema, "Mwenzangu ameondoka," kisha tukamsikia akilia. Mama alikuwa ameshika gauni mkononi. Akauliza, "Ameondoka kwenda wapi? Si nguo zake hizi hapa?" Halafu akaelewa, akaketi sakafuni. Nasi tuliobaki tukaendelea kukunja, maana hatukujua tufanye nini kingine.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1969, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, fundi seremala, na mama yetu, mshonaji wa nguo za watoto. Tulikulia katika nyumba ya vyumba viwili iliyojaa maranda na vipande vya vitambaa. Alikuwa mtoto wa maswali mengi. Baba alikuwa akimwambia, "Mwanangu, nipe nafasi nipige msumari mmoja kwanza."

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, na somo lililomliza zaidi ni Kiingereza. Akiwa darasa la sita aliambiwa atunge sentensi kuhusu kazi ya mzazi wake. Sisi kwa Kiswahili tunasema baba ametengeneza meza kwa siku tatu, na kila mtu anaelewa. Dada akaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza, "made a table for three days". Mwalimu akamuuliza, "Na meza hiyo iliisha?"

"Iliisha, mwalimu. Tunalia chakula juu yake."

"Basi mbona kwenye sentensi yako haijaisha?"

Alirudi nyumbani amenuna. "Baba, Waingereza wanasema meza yako haijaisha."

Baba akajibu bila kuinua macho, "Waambie waje waiegemee."

Sisi tulicheka, lakini dada hakucheka. Alifuatilia jambo hilo mpaka akalielewa, kwamba Kiingereza kinataka kujua kwanza kama kazi imefika mwisho wake. Iliyokamilika ndani ya siku tatu inachukua neno "in". Ile ya kufanya tu, bila kusema imekamilika, inachukua "for". Kwetu neno "kwa" linabeba zote mbili. Alimaliza sekondari mwaka 1988, na mwaka 1992 akahitimu chuo cha ualimu, akiwa amechagua somo lile lile lililokuwa likimliza.

Januari 1993 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya wasichana iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao. Ndiyo shule pekee aliyowahi kufundisha. Msumeno ulinguruma mchana kutwa, na unga wa mbao uliingia madirishani ukatua juu ya madawati, hata wasichana wakawa wanaandika majina ya wachumba wao kwa kidole. Aliona wanafunzi wake wanakosea kama alivyokosea yeye, basi siku moja akaingia darasani na beseni la plastiki, kikombe na ndoo ya maji. Msichana mmoja alimwaga maji kwenye beseni huku wenzake wakiimba ubeti mmoja. Wimbo ukiisha naye anaacha, hata kama beseni halijajaa. Hiyo ilikuwa "for". Wa pili aliambiwa alijaze, asiache mpaka maji yafike ukingoni. Hiyo ilikuwa "in". Baada ya hapo walifanya na vitendo vingine kwa miili yao: kutembea na kufika, kutafuta na kupata, kulala na kupitiwa na usingizi.

Mkuu wa shule wa wakati huo alipita akachungulia. "Mwalimu, hiki ni kipindi cha Kiingereza au cha kufua?"

"Cha Kiingereza, mkuu. Kama una shati, lete baadaye."

Wasichana wakampa jina la Madamu Beseni. Alilijua, na akiitwa hivyo sokoni aliitika. Alikuwa mkali. Hakuvumilia uvivu, na wengi waliopo hapa leo wanakumbuka kusimamishwa mlangoni. Lakini hakumcheka mtu aliyekosea.

Mwaka 1996 kanisa letu lilimwomba afundishe watu wazima alasiri katika ukumbi. Huko alikuja fundi wa majokofu aliyetaka kusoma maelekezo ya mashine bila kubahatisha. Fundi huyo alikaa kiti cha nyuma na hakuwa na haraka ya kuhitimu. Baada ya miaka miwili dada alimwita atoe sentensi. Akasimama na kusema kwa Kiingereza kwamba amemsubiri mwalimu huyu "in two years". Darasa zima likamrekebisha, "For! For!"

"Hapana," akasema. "In. Maana leo nimemaliza kusubiri."

Dada akasema, "Kaa chini."

"Kukaa nimekaa, mwalimu. Jibu je?"

"Majibu anatoa baba yangu, Jumapili."

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume. Waligombana kuhusu vipuri ambavyo shemeji alivijaza sebuleni na kuhusu madaftari ambayo dada aliyaacha kitandani, na kila asubuhi walisali pamoja kabla ya kufungua mlango.

Jumatatu ya tarehe 17 Februari 2025, dada alikuwa akifundisha kidato cha tatu. Msichana alikuwa ameinamisha kikombe juu ya beseni, na dada akafungua mdomo aseme neno la kufuata, neno halikuja. Alianguka kando ya dawati la mbele. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na kinywa kikabaki na maneno machache sana. Aliweza kusema "maji", "ndiyo", "hapana". Maneno ya wakati yalimchanganya kuliko yote. Alisema jana akitaka kusema kesho, akajua amekosea, machozi yakamtoka. Daktari alituambia maneno yanaweza kurudi, na yanaweza yasirudi.

Kila asubuhi shemeji alimkalisha kwenye ngazi ya nyuma, katikati ya majokofu yaliyofunguliwa, akamtajia maneno naye akajaribu kuyafuata. Siku moja dada alianza kuonyesha kidole uelekeo wa shule. Akafanya hivyo siku iliyofuata, na iliyofuata. Shemeji akatuambia, "Anataka kumalizia kile kipindi."

Sisi ndugu tulipinga. Tulisema, "Shemeji, wale ni watoto. Watamcheka." Mama alisema aachwe apumzike. Dada akasema, "Hapana," akapiga mkono wa kiti.

Kwa ruhusa ya mkuu wa shule wa sasa, wasichana wale waliletwa uani kwake mchana wa Ijumaa, tarehe 23 Mei. Walikaa kwenye mikeka. Dada alifungua mdomo. Tulingoja. Alijaribu tena, jasho likamtoka, na Kiingereza chote alichokifundisha tangu ujana wake hakikutoa hata neno moja. Msichana mmoja akacheka kwa woga. Mwenzake akamfinya. Mama akageukia ukuta.

Dada akamnyooshea kikombe yule aliyecheka.

Msichana akaja mbele, akajaza beseni, akasema sentensi yake, akaweka "for". Dada akatikisa kichwa. Akarudia vile vile, dada akatikisa kwa nguvu zaidi, akagonga ukingo wa beseni maji yalipofika. Wenzake wakaanza kunong'ona, "Limejaa, wewe! Limejaa!" Akasema "in". Dada akainamisha kichwa kukubali, akamnyooshea kidole anayefuata. Alifanya hivyo mpaka wote wakapita, naye hakuwa ametamka lolote. Mwisho alisema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Mkale." Wasichana waliondoka wakilia na kucheka. Nasi tuliopinga tulimshukuru Mungu kwamba hatukusikilizwa.

Siku mbili baadaye, Jumapili, alishindwa kumeza, akalazwa. Kiharusi cha pili kilimjia wodini, na tarehe 3 Juni Bwana akamchukua, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yetu, mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, mjukuu mmoja wa kike, kaka mmoja na wadogo watatu, pamoja na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Leo asubuhi, Jumamosi tarehe 7 Juni, tulimuaga katika chumba cha kuhifadhia maiti cha hospitali. Watoto wake waliingia kwanza, kisha sisi. Mama alimpapasa paji la uso, akasema, "Ni baridi mwanangu." Shemeji aliingia wa mwisho. Aliinama akamwambia jambo sikioni, na hatukumuuliza ni nini. Tuliimba ubeti mmoja, mchungaji akaomba, wakafunga jeneza, tukalifuata nje.

Bwana ampe dada yetu pumziko lake. Amina.