Ubao Unaomfaa Kila Mtu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu ya michezo ya baharini, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanachama wenzangu ambao soda zimewaishia wakati Mwenyekiti akizungumza: habari za mchana.

Nimesifiwa sana leo. Nimeambiwa mimi ni nguzo. Halafu, sifa hazijapoa, Mheshimiwa akatangaza kwamba nikistaafu stoo haitapata fundi mwingine, kwa sababu, namnukuu, "ubao wetu wa tanga unamfaa kila mtu." Mke wangu akanikanyaga mguu ninyamaze. Mama watoto, nimenyamaza miaka kumi na tisa, na kimya kingi kina mshindo.

Ndugu zangu, mnakumbuka ubao huo, tunaousimamia majini tukishika tanga, ulivyonunuliwa? Vikao vitatu! Mweka hazina aliutaka ule mwembamba wa mashindano, ambao ungezama naye kabla hajashika tanga. Mheshimiwa aliutaka ule mpana kama meza ya kulia, eti una rangi ya klabu. Mimi nikabishana mpaka sauti ikakauka: tuchukue wa kati, wa kumbeba mzito na kumtii mwepesi, wenye matundu mengi ya skrubu ili tuwe tunaubadilisha. Tuwe tunaubadilisha! Hapo ndipo mlipoacha kusikiliza.

Je, mmewahi kujiuliza kwa nini daktari wa meno, mwenye kilo hamsini na mbili, na Mheshimiwa, ambaye kilo zake ni siri ya kamati, wote hurudi wakisema, "Leo ubao umenikubali"? Umekukubali wapi! Mimi nimeamka alfajiri, nikatazama upepo, nikatazama orodha ya zamu. Upepo ukiwa mkali, nasogeza kitako cha mlingoti mbele ili ubao usirukeruke. Tanga likiwa dogo, natoa pezi refu la chini, naweka fupi. Anayejifunza namwekea mikanda ya miguu karibu na katikati; aliyebobea naipeleka ukingoni. Daktari akishuka, nafungua yote naanza upya kwa Mheshimiwa. Na shukrani yangu ni mchanga mnaouacha kwenye skrubu.

Siku moja tu niliugua. Mheshimiwa akaupanda ubao ukiwa bado umefungwa kwa kipimo cha daktari. Mguu ukanasa kwenye mkanda, tanga likaangukia huku, yeye kule, akakaa na plasta wiki sita. Kamati ikaandika: "Ajali ya upepo." Upepo wa Mungu ukasingiziwa!

Kuondoka hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba mtu mwingine ataumia, nanyi mtaandika upepo tena.

Miaka yote hiyo, mmoja tu aliniuliza, "Fundi, mbona leo mlingoti umesogea?" Ni dada wa mapokezi. Kesho yake akashika bisibisi mwenyewe, akaniambia mkanda wa kushoto umelegea. Na kweli ulikuwa umelegea.

Dada, njoo hapa mbele. Bisibisi hii, ipokee.

Mheshimiwa, leo sijaugusa ubao. Uko vilevile kama daktari alivyouacha jana kwenye mazoezi, na ratiba inasema baada ya chakula wewe ndiye unayefungua msimu juu yake. Fundi wako huyu hapa. Muombe kwa adabu.

Asanteni kwa masikio yenu. Mama watoto, sasa toa mguu.